Maswali ya Wasomaji: Monita Imegoma, Tuanzie Wapi?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu monita, kwa hiyo tumezikusanya pamoja. Wengi walioandika walikuwa wameshanunua kitu kabla ya kutuuliza: waya mpya, adapta mpya, hata monita nyingine, na tatizo likabaki palepale. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanaanza na kipimo kisichogharimu chochote.

Kipimo kimoja kitajirudia, basi tukieleze mara moja. Monita ina menyu yake yenyewe, ile inayojitokeza ukibonyeza vitufe vya chini au vya nyuma ili kurekebisha mwangaza. Menyu hiyo haitoki kwenye kompyuta. Inachorwa na ubao uliomo ndani ya monita. Picha ikiwa na kasoro huku menyu ikiwa safi, tafuta kosa kwenye kompyuta, waya, mipangilio au mlango ambao ishara inaingilia. Kasoro ikipita hadi juu ya menyu, kompyuta yako haina hatia.

SWALI: Ndugu wataalamu, habari za kazi. Monita yangu ya inchi 22, ya miaka mingi, nikiiwasha inaonyesha nembo kwa sekunde mbili kisha inakuwa nyeusi. Taa ya kitufe inabaki bluu, na kompyuta naisikia inafanya kazi. Nikizima na kuwasha inarudia vilevile. Je, paneli imekufa? (Karani wa ofisi)

JIBU: Salama, ndugu yetu. Paneli yako huenda ni nzima kabisa. Kilichokufa ni mwanga ulio nyuma yake. Paneli ya LCD haitoi mwanga wowote. Kazi yake ni kuruhusu au kuzuia mwanga unaotoka nyuma, na mwanga huo ukizimika picha inaendelea kuchorwa gizani bila wewe kuiona. Thibitisha kwa tochi. Fungua ukurasa mweupe wenye maandishi meusi makubwa, zima taa za chumba, kisha mulika skrini kwa mshazari, tochi ikiwa sentimita tano hivi kutoka kwenye kioo. Isogeze taratibu. Ukiziona herufi kwa mbali, kama kivuli, ishara ipo na paneli inafanya kazi. Kinachokosekana ni mwanga tu.

Kinachofuata kinategemea umri wa monita. Za zamani, hasa zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2010 hivi, humulikwa na mirija myembamba ya floresenti, kwa kawaida miwili au minne, inayosukumwa na ubao uitwao inveta. Inveta huchukua umeme mdogo wa ndani ya monita na kuupandisha hadi mamia ya volti. Wakati wa kuiwasha mirija unaweza kupita volti 1,000. Ina ulinzi wake: mrija mmoja ukichoka au ukipasuka, inveta huona kwamba mkondo hauko sawa na huizima mirija yote ndani ya sekunde moja au mbili. Ndiyo dalili uliyoieleza.

Kama kwa miezi kadhaa picha ilikuwa ikianza na wekundu wa waridi kisha inatulia, mshuku mrija kwanza, maana mrija uliozeeka huanza hivyo. Baada ya hapo angalia solda kwenye miguu ya transfoma na kwenye soketi za mirija. Tumia kioo cha kukuzia: solda iliyopasuka huonyesha duara jembamba jeusi kuzunguka mguu, na kuichomelea upya ni kazi ya dakika chache. Mwisho ni transfoma zenyewe. Monita ikiwa imechomolewa, pima ukinzani wa koili ya upande wa volti kubwa kwenye kila transfoma. Zile za aina moja zinapaswa kutoa namba zinazokaribiana. Moja ikisoma omu 900 na mwenzake asisome kitu, huyo wa pili amekatika. Ubao huu usiuguse kabisa ukiwa kwenye umeme.

Monita za LED hazina mirija wala inveta. Zina ukanda wa taa ndogo, mara nyingi kwenye ukingo wa chini, zilizounganishwa kwa mfululizo, na saketi inayopandisha umeme hadi makumi ya volti ili kuziwasha. LED moja ikikatika, mfululizo wake wote unazimika. Pima kwenye soketi ya ukanda wakati wa kuwasha. Volti ikiruka juu kwa muda mfupi kisha ikaanguka, saketi inajitahidi na inajizima kwa kukosa pa kupeleka mkondo, kwa hiyo mbovu ni ukanda. Volti isipopanda kabisa, angalia fyuzi ndogo iliyochomelewa pale umeme unapoingilia saketi hiyo, kisha pini ya amri ya kuwasha mwanga, ambayo kwa kawaida huwa na volti 3 hadi 5 monita ikiwa imewashwa.

Kuchomelea solda au kubadilisha fyuzi kunafaa wakati wote. Kubadilisha ukanda wa LED ni habari nyingine: lazima uinue kioo chenyewe pamoja na karatasi za kusambaza mwanga, na chembe moja ya vumbi ikiingia katikati utaiona kila siku. Kioo nacho kimeshikwa na riboni nyembamba zinazochanika kwa mvuto mdogo tu. Kwa monita ya kawaida ya ofisi hatushauri mtu aanzie hapo kujifunza.

SWALI: Shikamooni. Monita yangu kila asubuhi taa ya kitufe inapepesa na ndani kunalia tik, tik, tik kwa dakika kumi ndipo iwake. Ikishawaka inafanya kazi mchana kutwa. Kuna aliyeniambia ubao wote wa umeme umekwisha. Ni kweli? (Mwanafunzi wa uhandisi)

JIBU: Marahaba. Hapana, karibu kila mara dalili hizo husababishwa na kapasita mbili au tatu, na ubao wenyewe hupona. Kapasita za elektroliti zina majimaji ndani, na joto huyakausha pole pole. Yanapopungua, ukinzani wa ndani wa kapasita hupanda na umeme wake unakuwa wa mawimbi. Saketi inajaribu kuwaka, inaona umeme haujatulia, inajizima, inajaribu tena. Mlio unaousikia ni hayo majaribio. Kapasita ikipata joto ukinzani wake hushuka, ndiyo maana monita ikishawaka haisumbui. Ukiiacha hivyo hivyo, dakika kumi zitakuwa ishirini, na siku moja haitawaka.

Usalama kwanza, na hapa tunakuomba usome mara mbili. Ubao wa umeme una kapasita moja kubwa, pana kuliko zote, iliyoandikwa volti 400 au 450. Kwenye umeme wa volti 230 hiyo hujaa hadi takribani volti 325, na hubaki na chaji baada ya kuchomoa plagi. Chomoa, subiri dakika kumi, fungua, kisha pima miguu yake miwili kwa mita iliyowekwa kwenye volti za DC. Ikisoma zaidi ya volti 10, ipunguze kwa kuunganisha miguu hiyo kupitia kizuizi cha omu 2,000 chenye wati 5, kilichofungwa kwenye nyaya zenye ganda zima, kwa sekunde tano. Pima tena. Usitumie bisibisi kuishoti: cheche yake hung'oa njia za shaba kwenye ubao na inaweza kukujeruhi jicho.

Ili kufungua, ilaze monita kifudifudi juu ya kitambaa laini, ondoa mguu wake, toa skrubu zilizofichwa chini ya mguu, kisha achanisha fremu kwa kadi ya plastiki ukizunguka polepole. Usiivute fremu kwa nguvu ikianza kuachia, maana waya wa vitufe mara nyingi umeshikana nayo.

Sasa tazama kapasita zilizo upande wa pili wa transfoma, upande wa volti ndogo. Mbovu huwa na kichwa kilichovimba, au doa la kahawia juu, au zimeinuka kwa chini. Kichwa bapa si cheti cha afya, kwa sababu nyingine hukauka bila kuvimba, kwa hiyo ukishaanza badilisha zote za upande huo. Zinakuwa nne hadi nane tu. Nunua zenye mikrofaradi zilezile (470, 680 na 1,000 ndizo zinazokutwa sana), volti zilezile au za juu kidogo, nyuzijoto 105 na wala si 85, na za aina yenye ukinzani mdogo wa ndani iliyotengenezwa kwa ajili ya saketi za kubadili umeme. Kapasita ya kawaida ya redio itawaka leo na kufa baada ya miezi michache. Pima pia unene na urefu: mfuniko wa chuma juu ya ubao haukubali kapasita iliyo ndefu kwa milimita tano zaidi.

Mstari ulio ubavuni mwa kapasita huonyesha mguu hasi. Piga picha ubao kabla hujatoa hata moja, kwa sababu alama zilizochapwa kwenye ubao hazifanani kwa watengenezaji wote, na kapasita ikiwekwa kinyume hupasuka. Zikiwa mpya zote na mlio bado upo, rudi kwenye kapasita ndogo iliyo karibu na chipu inayoongoza umeme, mara nyingi mikrofaradi 22 au 47 kwa volti 50. Watu huisahau kwa udogo wake, na bila hiyo chipu haipati umeme wa kuanzia.

Ukikuta fyuzi ya ubao huo imekatika, usiiwekee waya. Fyuzi hukatwa na kitu. Pima kwanza daraja la dayodi nne na transista kubwa iliyofungwa kwenye bati la kupoozea. Moja ikisoma karibu sifuri kwa pande zote, ndiyo iliyokata fyuzi.

SWALI: Adapta ya monita yangu imepotea. Ninayo ya laptopu yenye kichwa kinachoingia vizuri. Naweza kuitumia?

JIBU: Kichwa kuingia si ushahidi. Soma kibandiko nyuma ya monita. Volti lazima zilingane: monita za adapta ya nje hutumia 12, 14 au 19, na kuweka 19 mahali pa 12 kunaweza kuunguza ubao hapohapo. Ampea za adapta ziwe sawa au zaidi ya zilizoandikwa; zikizidi hazina madhara, kwa sababu monita huchukua inachohitaji tu. Mwisho, linganisha mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa, na uhakikishe chanya iko mahali pamoja.

SWALI: Wakuu, nimeweka kadi ya picha kwenye kompyuta, nikaongeza na RAM. Sasa feni zinazunguka lakini monita inaandika "No Signal" kisha inalala. Nimebadilisha waya mara mbili. (Kijana wa michezo ya kompyuta)

JIBU: Monita inayoandika maneno hayo inakuambia kuwa yenyewe ni mzima na inangoja. Kwanza hakikisha inangoja kwenye mlango sahihi: ingia kwenye menyu, chagua chanzo kwa mkono, HDMI 1 au HDMI 2 au DisplayPort, kulingana na pale ulipochomeka. Kuchagua kwa otomatiki hukosea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kisha tazama nyuma ya kompyuta. Milango ya picha iliyo kwenye kundi moja na USB na sauti ni ya mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Ya kadi iko chini zaidi, imelala kwa mlalo. Waya uende kwenye kadi, kwa sababu mazabodi nyingi huzima milango yao ya picha zikiona kadi. Na kama prosesa yako ya Intel ina herufi F mwishoni mwa namba, haina sehemu ya picha ndani yake, kwa hiyo milango ya mazabodi haitatoa kitu hata ukiitoa kadi.

Waya ukiwa mahali pake na bado giza, bonyeza Num Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, kompyuta imeamka na shida iko kwenye njia ya picha: angalia kama umechomeka plagi ya umeme ya kadi, yenye pini 6 au 8, na kama kadi imezama hadi klipu ya soketi ikaingia. Taa isipobadilika, kompyuta haijafika mbali, na hapo RAM uliyoongeza ndiyo ya kuangaliwa.

Kama ni DDR5, yaani RAM ya kizazi cha tano, subiri kwanza. Mazabodi hizo hupima RAM mpya kwa mara ya kwanza, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Wengi huzima katikati ya kazi hiyo na kuilazimisha ianze upya. Zikipita dakika kumi, zima, chomoa umeme, toa RAM zote. Futa meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa masalia kwa kitambaa kikavu, rudisha kipande kimoja tu kwenye nafasi ya pili ukihesabu kutoka kwa prosesa. Mazabodi nyingi zenye nafasi nne hutaka kuanzia hapo. Sukuma mpaka usikie mlio wa klipu. Jaribu kila kipande peke yake. Bado? Toa betri ndogo ya CR2032 kwa dakika tano umeme ukiwa umechomolewa, mipangilio irudi ya kiwandani.

Tuongeze jambo kwa wanaotumia DisplayPort ambao monita yao ikilala haiamki, au kompyuta inagoma kuwaka mpaka wachomoe waya. Waya za bei rahisi wakati mwingine huunganisha pini namba 20 pande zote mbili, ingawa kiwango kinataka isiunganishwe katika nyaya za kawaida. Pini hiyo hubeba umeme, hivyo monita inairudishia kompyuta volti wakati kompyuta imezimwa. Hapo hakuna mpangilio utakaosaidia. Badilisha waya.

SWALI: Skrini yangu imekuwa ya njano. Kila kilichokuwa cheupe sasa ni njano, na mandhari ya bluu imekuwa nyeusi. Natumia waya wa VGA. (Mwalimu)

JIBU: Mwalimu, umetupa dalili kamili, na hasa hilo la bluu kuwa nyeusi limemaliza kazi. Kwenye VGA kila rangi ya msingi ina pini yake: nyekundu pini 1, kijani pini 2, bluu pini 3. Nyekundu na kijani zikichanganyika bila bluu hutoa njano. Kijani ikikosekana utaona zambarau. Nyekundu ikikosekana, kila kitu kinaegemea kijani na bluu. Umepoteza pini 3 mahali fulani kati ya kompyuta na monita.

Kaza skrubu mbili za kichwa cha waya pande zote, maana mara nyingi ni kichwa tu kimelegea. Kisha chomoa na utazame pini kwa mwanga mzuri. Iliyopinda inyooshe kwa kibanio chembamba, polepole, mara moja tu; ukiirudisha mara ya pili na ya tatu itavunjika. Usishtuke ukikuta pini 9 haipo kabisa, nyaya nyingi huuzwa bila hiyo. Nyaya nyembamba hukosa pia pini 12 au 15, zile ambazo kompyuta huzitumia kuisoma monita ni ya aina gani. Hapo utaona kompyuta inang'ang'ania 1024 kwa 768 hata monita ikiwa kubwa.

Menyu ya monita yako itakuwa nyeupe safi, lakini hapa usiiamini moja kwa moja: inaitoa hatia paneli tu. Soketi ya VGA ya monita yenyewe inaweza kuwa na solda iliyoachia. Jaribu waya mwingine, kisha kompyuta nyingine, ndipo uihukumu soketi.

Kwa wengine wanaoona njano hafifu kwenye HDMI wakati wa jioni tu: zima mwanga wa usiku kwenye mipangilio ya Windows kabla ya kufungua kitu chochote.

SWALI: Nilibadilisha mipangilio ya skrini, monita ikaandika "Out of Range" na sasa sioni kitu. Nifanyeje wakati sioni pa kubofya?

JIBU: Kompyuta inatuma picha kwa rezolusheni (idadi ya nukta za picha) au kwa hezi (mara ambazo picha huchorwa upya kila sekunde) ambazo monita haiwezi, labda 75 au 100 kwenye monita ya 60. Windows hurudisha mipangilio ya zamani baada ya sekunde 15 usipobofya kukubali, kwa hiyo ikiwa ndiyo kwanza umebadilisha, kaa bila kugusa kitu.

Zikipita, njia rahisi ni kuchomeka televisheni au monita nyingine, kubonyeza Windows na P ili uchague skrini zote mbili zionyeshe picha moja, na kurudisha 60. Usipokuwa na nyingine, washa kompyuta na uizime kwa kushikilia kitufe cha umeme mara tu Windows inapoanza kupakia. Fanya hivyo mara mbili, na mara ya tatu uiache iendelee. Itaingia kwenye ukurasa wa ukarabati, ambao huonyeshwa kwa rezolusheni ya msingi na utauona. Ingia kwenye utatuzi wa matatizo, chaguo za juu, mipangilio ya kuanzia, kisha anzisha upya. Orodha ikitokea bonyeza 3, ambayo huiwasha Windows kwa rezolusheni ya chini huku ikitumia draiva yako ileile. Rekebisha, anzisha upya kwa kawaida. Kuzima kwa nguvu kunaweza kuharibu faili, kwa hiyo usifanye hivi kompyuta ikiwa katikati ya masasisho.

SWALI: Mtanicheka, lakini kila ninapoinuka kwenye kiti monita inakuwa nyeusi kwa sekunde mbili kisha inarudi. Sigusi waya wowote. (Mchora ramani)

JIBU: Hatucheki, dada, ni jambo la kweli linalojulikana. Kiti chenye nguzo ya gesi hukusanya umeme tuli unapokalia, na ukiinuka huuachia ghafla. Mpigo huo husafiri hewani kama wimbi la redio, na waya wa picha huupokea kama antena. HDMI na DisplayPort hutuma data kwa kasi kubwa mno; mpigo ukivuruga mfululizo huo, monita hupoteza mwendo na kuanza mazungumzo upya na kompyuta. Sekunde mbili za giza ni hayo mazungumzo.

Pima kwanza kwa kushusha hezi. Kama unatumia 144, weka 60 kwa siku nzima. Giza likipungua au kuisha, waya wako unafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake. Tafuta mfupi zaidi, usiozidi mita 2, mnene, wenye kinga ya chuma, na ulioidhinishwa kwa kasi unayohitaji: 4K kwa hezi 60 inahitaji waya wa gigabiti 18 kwa sekunde, na ule wa zamani wa gigabiti 10.2 huishia 4K kwa hezi 30. Bana vipande vya feraiti, vile vidude vyeusi vya kuzuia mawimbi ya redio, karibu na vichwa vyote viwili. Utenganishe waya wa picha na nyaya za umeme badala ya kuzifunga fundo moja, na chomeka kompyuta na monita kwenye soketi moja yenye ati (waya wa ardhini) inayofanya kazi. Hewa kavu huzidisha umeme tuli, hivyo dalili ikija kwa majira, usishangae.

Dawa hizi hizi ndizo za wale wanaoona vidoti vinavyometameta kama nyota kwenye sehemu nyeusi za picha.

SWALI: Mstari mmoja mwembamba wa kijani umesimama kutoka juu hadi chini. Na monita ya pili ofisini, nusu ya kushoto ni nyeupe tupu. Vinatengenezeka?

JIBU: Fungua menyu na uisogeze ipite juu ya mstari. Ukikatiza menyu, ni paneli. Mstari mmoja wa pikseli moja hutokana na riboni ndogo iliyogandishwa kwenye ukingo wa kioo kuachia mguso mmoja. Watu hubonyeza fremu na mstari unapotea, wakafurahi. Unarudi, mara nyingi ukiwa na wenzake. Kuigandisha upya kunahitaji mashine ya joto na shinikizo sahihi, na kwa monita ya kawaida gharama haiingii akilini. Kama bado ina dhamana, irudishe leo.

Nusu nyeupe ina matumaini zaidi. Ndani, ubao mkuu huunganishwa na ubao wa paneli kwa waya bapa au riboni. Chomoa umeme, fungua klipu, toa, futa miguso kwa alkoholi ya isopropili, rudisha ikiwa imenyooka kabisa. Isiposaidia, kosa liko kwenye ubao wa paneli au riboni zake.

Na skrini ikiwa tupu yote, rangi yake inasema kitu. TN, IPS na VA ni aina za paneli. Paneli ya TN isiyopata umeme huwa nyeupe. Za IPS na VA huwa nyeusi ingawa mwanga wa nyuma unawaka. Kwa hiyo usiite IPS nyeusi mwanga uliokufa kabla ya kuitazama gizani: ukiona kijivu hafifu kimetandaa skrini nzima, mwanga upo, na unatafuta umeme wa paneli, aghalabu fyuzi ndogo kwenye ubao wake.

SWALI: Nisafishe skrini kwa kitu gani? Nimekuwa nikinyunyizia dawa ya vioo vya madirisha.

JIBU: Acha kuanzia leo. Dawa nyingi za vioo zina amonia, ambayo hushambulia utando wa kuzuia mng'aro na kuacha mabaka ya ukungu yasiyotoka. Kunyunyizia ni hatari nyingine: matone huteremka hadi ukingo wa chini, huingia chini ya fremu, na kulowesha miguso ya kioo. Mistari mingi ya wima inayotokea ghafla sehemu ya chini huanzia hapo.

Zima monita na uiache ipoe. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini cha nyuzi ndogo kikiwa kikavu, kwa sababu vumbi likisuguliwa na maji hukwaruza. Kisha lowanisha kitambaa, si skrini, kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake. Kikamue mpaka kisidondoshe hata tone. Pangusa kutoka juu kwenda chini bila kukandamiza, ukiinua kitambaa sentimita mbili kabla ya kufika kwenye fremu ya chini, na ukingo huo uumalizie kwa upande mkavu. Usiwashe mpaka unyevu wote uwe umekauka.